Shajara ya mradi: mipango ya wachezaji inavunjikia wapi

Mradi ni kuandika kisa kimoja kifupi cha mchezo wa kuigiza mezani kwa Kiswahili, pamoja na kanuni zake. Kisa kizima kinasimama juu ya mpango: wahusika wanne wanaingia ghala la karafuu usiku na kutoka na daftari la madeni kabla ya alfajiri. Kikao ni kimoja, cha muda wa saa tatu. Mji ni wa kubuni, lakini umekaa kwenye pwani ya Waswahili ya karne ya 19, wenye liwali, majahazi na pepo za kusi na kaskazi. Shajara hii inaandikwa ili mwenye meza yake anakili kilichofaa na aruke kilichotupotezea muda. Katika mchezo wa aina hii kila mchezaji anaamua na kusema kwa niaba ya mhusika wake, na dadu huamua kama amefaulu. Humu ndani, msimulizi ni yule anayeendesha mchezo na kueleza yanayotokea, na mrusho ni kurusha dadu mara moja.

11 Januari 2025. Toleo la kwanza, dadu ya pande 20

Tumeanza na kanuni ambazo wachezaji wengi wameshazigusa. Kanuni za msingi za mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, ziko chini ya leseni ya Creative Commons tangu Januari 2023. Unaweza kuzitafsiri, kuzipunguza na kuzichapisha upya bila kuomba ruhusa, mradi utaje chanzo. Tumechukua kitu kimoja tu: mchezaji anarusha dadu ya pande 20, anajumlisha ustadi wa mhusika wake, na jumla ikifikia kiwango kilichowekwa amefaulu. Viwango vyote tumeviweka 13, na kila mhusika ana +5 kwenye kazi yake.

Dadu ya pande 20 si kitu cha kukutana nacho kila duka. Mbadala wetu ni visoda 20 vilivyoandikwa 1 hadi 20 kwa maki peni ndani ya mfuko wa kitambaa. Chagua visoda vya aina moja, tupa vilivyopinda kwa sababu vidole huvikumbuka, na piga mstari chini ya 6 na 9. Kila kisoda kikishatolewa kirudi mfukoni na mfuko utikiswe. Kikibaki mkononi mwa mchezaji, nafasi za mrusho unaofuata zimeshabadilika.

Gharama: maki peni shilingi 1,000, fotokopi kurasa 14 shilingi 1,400. Visoda ni bure.

18 Januari. Mirusho sita

Jaribio la kwanza limeanguka, na limeanguka vibaya.

Mpango wa wachezaji ulikuwa mzuri. Wafike kwa dau upande wa nyuma, wapande kwa kamba ya kupandishia magunia, waingie kwa dirisha la dari, mmoja abaki lango la mbele akipiga soga na mlinzi, wafungue kasha, washuke walikopandia. Hakuna upuuzi hata mmoja ndani yake. Ulivunjika kwenye kamba, mtu wa pili kupanda.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu yetu. Kiwango 13 kwa mwenye +5 kinadai 8 au zaidi, yaani nafasi 65 katika 100. Ukiutazama mrusho mmoja, unaona wachezaji wamependelewa. Lakini mpango ule tuliukata hatua sita, na kila hatua ikapewa mrusho wake, na mmoja tu ukianguka basi kengele inapigwa. 65% ikizidishwa kwa yenyewe mara sita inabaki 7.5%. Wangeamua kuvunja mlango wa mbele na kupigana, tungewapa mirusho miwili tu, na nafasi yao ingekuwa 42%. Kanuni zetu zilikuwa zinamwadhibu mchezaji kwa kufikiri: kadiri anavyoongeza uangalifu, ndivyo anavyoongeza mahali pa kuangukia.

Kunyata kulikuwa kubaya zaidi. Watu wanne wakinyata na kila mmoja akarusha kivyake, nafasi ya wote kupita ni 18%. Upande wa pili, walinzi watatu tuliwarushia kila mmoja kwa nafasi ya 25% ya kushtuka. Angalau mmoja wao kushtuka ni 58%. Pande zote mbili zikirusha, hakuna anayepita.

Marekebisho ni matatu, na yote yamebaki hadi toleo la mwisho. Kwanza, hatua isiyo na mtu wala kitu cha kuipinga haina mrusho: kamba ni imara, usiku umetulia, wamepanda. Pili, kundi linanyata kwa mrusho wa pamoja kama zinavyosema kanuni zenyewe za toleo la tano: wote wanarusha, nusu wakifaulu wote wamepita. Kwa watu wanne wenye 65%, nafasi inapanda kutoka 18 hadi 87%. Tatu, walinzi hawarushi kamwe. Mlinzi hodari anaongezewa kiwango, basi.

1 Februari. Barua ya kughushi

Hesabu sasa imekaa sawa, na meza imeharibika kwa sababu nyingine.

Wachezaji waliandika barua ya uongo kutoka kwa liwali, wakachonga muhuri kwa kiazi, wakamtuma mmoja wao lango la mbele amevaa kanzu safi. Msimulizi hakuwa na chochote kuhusu barua kwenye karatasi zake. Akasita kidogo, kisha mlinzi akajibu: "Mimi sijui kusoma, bwana. Ngoja nimwite karani." Karani akaja, na karani akawa anaufahamu muhuri wa kweli. Mpango umekwisha.

Kila neno la jibu lile lingeweza kuwa kweli katika mji ule. Mlinzi asiyesoma ni wa kawaida, karani anayejua muhuri ndiyo kazi yake. Hata hivyo wachezaji walijua papo hapo kwamba karani yule alizaliwa baada ya barua kusomwa, na kuanzia hapo hawakupanga tena. Walianza kumtazama msimulizi usoni badala ya kulitazama ghala.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kumwambia msimulizi awe mwadilifu. Halikuzaa kitu. Uadilifu hauonekani, na msimulizi mwenyewe katikati ya kikao hawezi kutofautisha alichokijua tangu mwanzo na alichokibuni sasa hivi.

Kilichofanya kazi ni kadi. Kabla wachezaji hawajakaa, msimulizi anaandika ukweli tano kuhusu ghala kwenye karatasi ngumu ya ukubwa wa nusu ukurasa, anaikunja, anaiweka katikati ya meza chini ya kikombe. Kikwazo kinachoua mpango lazima kiwe kimeandikwa humo. Kisichoandikwa kinaweza kuuchelewesha mpango, kuufanya uwe ghali, kumlazimisha mtu arushe, lakini hakiwezi kuuzima. Mwisho wa kikao kadi inafunguliwa na kusomwa kwa sauti.

Kadi ya kisa hiki, kama ilivyo sasa: zamu ya walinzi inabadilika saa 6 usiku, karani analala dari ya ghala, si nyumbani kwake, ufunguo wa kasha uko shingoni mwa mnyapara, ngazi ya ndani ina kipago kimoja kilichooza, na maji hupwa mbali na ukuta wa nyuma. Huo wa mwisho ndio uliotupa kazi kuliko yote.

15 Februari. Maji yamepwa

Wachezaji walichagua usiku wa kiza, mwezi mwandamo, wakapanga dau lifike chini ya ukuta wa nyuma saa 4 usiku, kabla zamu haijabadilika. Msimulizi akasoma kadi: maji yamepwa, mbele yao kuna tope hatua 200, dau limepwelewa. Kimya mezani. Kadi ilikuwa imeandikwa mapema, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kuna hila. Bado walikasirika, na walikuwa na haki.

Wahusika wao ni watu wa pwani. Mmoja ameandikwa kwenye karatasi yake kuwa nahodha wa dau. Nahodha hahitaji kuambiwa kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndiyo majira ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, na kwamba bamvua pwani hii maji hujaa karibu saa 10, alfajiri na jioni, na hupwa karibu saa 4, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Anajua hivyo kama anavyojua njia ya kwao. Mchezaji aliyekaa mezani, huenda amezaliwa Dodoma au Arusha, hajui, na hakuna mahali popote kwenye karatasi zetu pangeweza kumjulisha. Mpango ulivunjika kwenye mwanya kati ya anachojua mhusika na anachojua mchezaji, na mwanya huo tuliuchimba sisi.

Tulijaribu kwanza mrusho wa maarifa: nahodha arushe dadu aone kama anakumbuka maji. Tumeufuta siku hiyohiyo. Akishindwa, tumerudi palepale, na sasa tuna nahodha asiyejua bahari.

Jaribio la pili lilikuwa ukurasa mzima wa maelezo kuhusu maji na mwezi, usomwe mwanzoni. Wachezaji walisinzia, na saa moja baadaye hakuna aliyekumbuka chochote.

Marekebisho yaliyobaki: kila karatasi ya mhusika ina kisanduku kilichoandikwa UNAJUA, na ndani yake sentensi mbili au tatu, za kazi yake tu. Kwa nahodha: "Bamvua ni mwezi ukiandama na ukiwa mpevu: saa 4 usiku maji yamepwa, saa 10 alfajiri yamejaa. Maji mafu ni nusu mwezi: saa 4 usiku maji yamejaa, ingawa si mengi. Mwezi wa siku 22 hauchomozi mpaka karibu usiku wa manane." Kwa mpagazi aliyewahi kufanya kazi ghalani: kipago kilichooza. Kwa mwanamke anayeuza kahawa na kashata langoni: saa ya zamu. Hakuna anayejua yote, na wasipozungumza wao kwa wao mpango unakosa kipande.

Na hapo maji yakageuka kutoka mtego kuwa fumbo lenye jibu. Anayetaka kiza atavutwa na mwezi mwandamo, lakini kiza hicho kinakuja na bamvua, na saa 4 usiku bamvua imeacha tope. Nusu mwezi wa kwanza una maji saa 4, lakini mbalamwezi iko juu mpaka usiku wa manane. Usiku unaotoa vyote viwili, kiza na maji chini ya ukuta, ni wa siku ya 22 ya mwezi au karibu yake. Wachezaji wakiugundua kwa kuunganisha sentensi tatu za nahodha wanasimama kwenye viti. Wasipougundua wakaenda mwezi mwandamo, dau litapwelewa na watajua kwa nini, kwa sababu sababu ilikuwa mkononi mwa mwenzao tangu mwanzo. Wanaweza pia kwenda saa 10 alfajiri na kupambana na jua linalokuja. Huo nao ni mpango.

Gharama ya marekebisho haya: karatasi nne za wahusika zimeandikwa upya, fotokopi za awali zote zimetupwa, shilingi 1,400 nyingine.

22 Februari. Tegemeo

Ingizo fupi, lakini kanuni iliyotokana nalo ndiyo uti wa mgongo wa kisa.

Kila mpango una kitu kimoja unachoegemea. Ule wa dau uliegemea maji, wa barua uliegemea muhuri. Kuanzia sasa, wachezaji wakimaliza kupanga, msimulizi anawauliza swali moja kwa maneno haya: "Mpango huu ukivunjika, utavunjikia wapi?" Jibu lao linaandikwa kwenye kipande cha karatasi, kinakaa wazi mezani. Hilo ndilo tegemeo. Mambo yakienda kombo, yanaanza kwenda kombo hapo, si kwingine.

Tulihofu kwamba wachezaji watataja kitu chepesi ili wajikinge. Haijatokea. Anayesema "utavunjikia kwenye kamba" huku akijua wazi kwamba hatari ni mnyapara, wenzake wanamkatiza kabla msimulizi hajafungua mdomo.

1 Machi. Dadu mbili za ludo

Tumeacha dadu ya pande 20 na mfuko wa visoda. Sababu ya kwanza ni hesabu: tulihitaji matokeo ya katikati, yaani umefaulu lakini kuna kitu kimekugharimu. Ya pili ni kwamba dadu za pande sita zimejaa kila mahali penye ludo. Mfumo wa kurusha dadu mbili na kujumlisha, 10 na zaidi ni kufaulu, 7 hadi 9 ni kufaulu kwa gharama, 6 na chini ni kuharibikiwa, umetoka mchezo wa Apocalypse World wa Vincent na Meguey Baker (2010). Wazo la kufungua tukio kwa mrusho mmoja wa kuingia, wahusika wakiwa wameshafika, ni la mchezo wa Blades in the Dark wa John Harper (2017).

Mrusho wa kuingia tumeujenga hivi. Anza na sifuri. Ongeza 1 kama mpango unatumia ukweli ulio kwenye kadi, hata kama wachezaji hawajui kwamba umo. Ongeza 1 kama wameweka mtu au kitu cha kulinda tegemeo. Punguza 1 kama ukweli wa kadi unagusa tegemeo na hawakuuliza. Punguza 1 kama mpango una makundi mawili yasiyo na ishara ya kuitana; hili linasahaulika karibu kila mara. Isizidi +2, isishuke chini ya −1.

Kwa +2, kufaulu wazi ni 42%, kwa gharama 42%, kuharibikiwa 17%. Kwa sifuri, 17, 42 na 42. Kwa −1, kufaulu wazi kumebaki 8% na kuharibikiwa kumefika 58%. Mpango mzuri sasa unaonekana kwenye dadu. Fikra haiadhibiwi tena.

Matokeo: kwa 10 na zaidi, tukio linafunguka ndani, kasha liko mbele ya macho. Kwa 7 hadi 9, linafunguka penye tegemeo, nalo linaanza kulegea. Kwa 6 na chini, linafunguka penye tegemeo likiwa limeshavunjika. Lakini hata hapo wahusika wako ndani ya ghala. Katika rasimu ya kwanza aliyeharibikiwa alibaki nje ya ukuta. Wachezaji walirudi wakapanga upya kwa dakika 40, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuharibikiwa lazima kuwatumbukize ndani.

Gharama: dadu 4, shilingi 2,000.

Mradi unasimama kupisha Ramadhani.

12 Aprili. Duara la hatari

Tumechora duara lenye vipande sita mezani. Ndani ya ghala, mrusho wa 7 hadi 9 unajaza kipande kimoja, 6 na chini vipande viwili. Duara likijaa, kengele.

Tulianza na vipande vinne, wachezaji wakakamatwa kabla ya kufika darini. Tukaenda vinane, hakuna aliyeogopa. Jibu lilikuwa kwenye hesabu ambayo tungepaswa kuifanya kabla ya kuchora. Kwa mhusika mwenye +1, kuharibikiwa ni nafasi 10 katika 36 na kufaulu kwa gharama ni 16 katika 36. Mara mbili ya 10, ongeza 16, unapata 36: kipande kimoja kamili kwa kila mrusho, kwa wastani. Mwenye sifuri anajaza kipande kimoja na robo, mwenye +2 robo tatu. Baada ya kuingia, kisa hiki kina mirusho mitano hadi saba. Kwa hiyo vipande sita vinawafikisha ukingoni na kuwaacha hapo. Anayenakili kwa kisa kingine ahesabu mirusho anayoitarajia, achore idadi hiyohiyo ya vipande.

Tatizo la pili lilikuwa kwamba kipande kilichopakwa rangi hakimtishi mtu. Msimulizi anapaka, wachezaji wanaendelea. Sasa kila kipande kina jina, na msimulizi anakisema kabla ya kupaka:

1. Kikohozi kwenye ngazi.
2. Kandili ya pili inawashwa uani.
3. Mnyapara anaamshwa.
4. Lango la mbele linatiwa komeo.
5. Mtoto anatumwa mbio kwa liwali.
6. Askari wa liwali wako mlangoni.

Cha nne ndicho kinachoua mpango, kwa sababu karibu kila kundi limepanga kutokea lango la mbele au limemwacha mwenzao huko. Kikifika, msimulizi anageuza karatasi ya tegemeo kifudifudi na kusema: "Mpango umekufa. Lengo liko hai. Kila mmoja aniambie neno moja analofanya." Neno moja, bila kushauriana. Kabla ya kanuni hii, kundi lililoona mpango umekufa liliganda na kuanza kulaumiana. Sasa linakimbia, na mara nyingi linakimbilia kitu cha maana.

26 Aprili. Kurudi nyuma

Hili nalo limetoka Blades in the Dark. Mchezaji anasimamisha tukio na kusema jambo aliloliandaa mapema, analipia, tukio linaendelea. Malipo yetu ni visoda, na vile vya Januari vimepata kazi mpya. Jambo ambalo yeyote angelifanya ni bure, la kuhitaji jitihada ni kisoda kimoja, la ajabu ni viwili.

Tulimpa kila mchezaji visoda vitatu. Ndani ya nusu saa hofu ilikuwa imetoweka. Kandili inawashwa uani, mchezaji anasema: "Nilishamhonga mlinzi, hakuiwasha." Mnyapara anaamka: "Nilishamwekea dawa kwenye kahawa." Duara lilikuwa linafutwa kwa mdomo.

Sharti lililokosekana liko kwenye mchezo wa asili, nasi tulikuwa tumeliruka tukidhani ni dogo: kurudi nyuma hakufuti kilichokwisha kutokea. Tumeliandika hivi: kilichosemwa na wote wakasikia kimebaki. Unaweza kubadili maana yake tu. Kandili imewashwa, haizimiki. Lakini aliyeishika anaweza kuwa muuza kahawa wetu, ameiomba kwa mlinzi atafute pete yake iliyoanguka, na sasa anamulika upande mwingine. Kipande cha duara kimepakwa na kinabaki kimepakwa, ila kwa dakika hii mwanga hauwafikii. Tofauti ni ndogo kwenye karatasi, mezani ni kubwa: mchezaji analazimika kuitazama hatari iliyopo na kuigeuza, badala ya kukana kwamba ipo.

Visoda vimepunguzwa hadi viwili kwa kila mmoja. Na maandalizi yanayohusu kumshawishi mtu yanarushiwa dadu hukohuko nyuma; rushwa ya juzi nayo ingeweza kukataliwa.

10 Mei. Muda wa kupanga

Kupanga kulikuwa kunakula dakika 70 kati ya 180. Tulijaribu dakika 5, na makundi mawili mfululizo yalivunja mlango wa mbele. Dakika 15 kwa simu iliyowekwa mezani zinatosha watu wanne; kwa watano au sita weka 20. Ndani ya muda huo msimulizi anajibu kila swali kuhusu jengo kwa ukweli, hata likigusa kadi. Wakiuliza "karani analala wapi?" wameuliza vizuri, wajibiwe.

Msimulizi asiwatanie wala kukunja uso wanapopanga. Uso wa msimulizi ni habari, na wachezaji wanausoma haraka kuliko karatasi.

24 Mei. Toleo la mwisho

Jaribio la mwisho lilichezwa na kundi ambalo halikuwa limeona rasimu yoyote. Tunaliandika kwa ukaribu kwa sababu mpango wao ulivunjika, na ndivyo tulivyotaka uvunjike.

Walichagua siku ya 22, saa 4 usiku. Tegemeo walilolitaja: mnyapara atakunywa kahawa yenye dawa na kulala, wamvue ufunguo. Hawakuuliza chochote kumhusu mnyapara, na kadi inasema ufunguo uko shingoni mwake. Hawakuweka mtu wa kumlinda. Mpango ulitumia maji kwa usahihi, hivyo +1. Kadi inagusa tegemeo na hawakuuliza, hivyo −1. Sifuri. Dadu zikatoa 2 na 3.

Msimulizi alisoma: "Mnyapara amelala, ndiyo. Amelala kifudifudi juu ya magunia ya karafuu, mwili wote umekandamiza kifua. Uzi wa ufunguo unaonekana nyuma ya shingo. Ufunguo wenyewe uko chini yake, na ana uzito wa magunia mawili." Vipande viwili vikapakwa, kikohozi na kandili.

Hakuna aliyelalamika. Mpagazi alitumia kisoda kimoja: jana alilegeza mshono wa gunia la chini. Akarusha, akapata 8. Karafuu zikaanza kumwagika taratibu, mnyapara akabingirika, ufunguo ukatoka, na harufu ikapanda darini kwa karani. Kipande cha tatu. Walitoka kwa kamba na daftari, duara likiwa na vipande vitano, nahodha akisukuma dau kwa pondo kwa sababu maji mafu hayakuwa mengi.

Vifaa vya meza moja: kurasa 14, karatasi moja ngumu ya kadi, dadu mbili, visoda 8, penseli, simu ya kuhesabu dakika. Jumla tuliyotumia tangu Januari ni shilingi 5,800, na kati ya hizo 2,800 ni fotokopi mbili za kurasa zilezile. Andika kisanduku cha UNAJUA kabla ya kwenda fotokopi.

Kazi iliyobaki ni toleo la wachezaji wawili. Mirusho inashuka hadi mitatu au minne, kwa hiyo duara litakuwa la vipande vinne, na ukweli wa kipago kilichooza itabidi uhamie kwa muuza kahawa.